Vizingiti Kumi na Kimoja

Wanaosema mapenzi huanzia machoni hawajawahi kupanga foleni katika ofisi ya jiji. Pale macho hayana kazi. Unaangalia kisogo cha aliye mbele yako tangu saa mbili asubuhi, unaangalia saa ya ukutani ambayo ilisimama zamani, unaangalia dirisha namba tatu lililoandikwa MALALAMIKO, na ukitoka humo na heshima zako umshukuru Mungu. Mtu akikupendeza mahali kama hapo, basi ujue anapendeza kweli.

Siku hiyo dada mmoja, Msusi kama alivyoitwa mtaani kwao, alikuwa amevaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, hereni ndogo za dhahabu ya bandia, na chini viatu vya mpira vya mvua vilivyofika magotini, maana alikotoka bila viatu hivyo huvuki mlango. Mkononi alishika kikaratasi chenye namba arobaini na sita. Kwapani alikumbatia chupa kubwa ya plastiki iliyojaa maji meusi. Kifuniko hakikukaza vizuri, na harufu ilikuwa imeshawafikia hata wa benchi la mwisho.

Nyuma yake alikaa mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono, ila kwenye kucha ana vumbi la saruji ambalo pasi haiwezi kulitoa. Alivumilia nusu saa nzima.

"Samahani, dada," akasema mwishowe. "Hiyo dawa unayouza, ni ya kunywa au ya kupaka?"

"Ya kupaka. Namsubiri huyo wa dirishani afungue, nimpake usoni."

"Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Miaka sita hajafanya kitu. Ndiyo kosa lake."

Mwanaume alicheka kwa sauti, watu wakageuka. Msusi hakutaka kucheka, lakini alitazama pembeni ili asionekane.

"Mimi arobaini na saba," akasema mwanaume. "Nafuatilia kibali changu cha ufundi. Sasa ukimpaka yeye, mimi nitahudumiwa na nani?"

"Utarudi kesho upange upya. Wenzako tumezoea."

Dirisha likafunguka. Nyuma yake alikaa bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, mhuri kulia, kikombe cha chai kushoto. Msusi akaitua chupa juu ya meza, puu!

"Toa uchafu kwenye meza ya serikali," akasema bibi wa mihuri.

"Huo uchafu ndio malalamiko yangu, mama. Nimeuchota sebuleni kwetu jana. Mlipojenga ukuta wa yadi yenu mliuziba mtaro wetu, mkasema mtaacha tundu la maji. Tundu hakuna. Maji yakishuka yanagonga ukuta wenu, halafu yanarudi kulala kwetu."

"Una barua?"

"Nimeshaleta tisa."

"Basi faili liko kwenye mchakato."

"Huo mchakato uko chumba namba ngapi? Nikauone kwa macho yangu."

Foleni ikaangua kicheko. Bibi wa mihuri hakucheka. "Lazima mhandisi afike kwanza akague. Atafika akipata usafiri. Arobaini na saba!"

Mwanaume akasogea, akaweka kikaratasi chake mezani. "Namba yangu nampa huyu dada. Mhudumie tena, tangu mwanzo."

Bibi akamtazama, akamtazama Msusi, akaitazama chupa. Kisha akashusha dirisha na kwenda kunywa chai yake mahali pengine. Wote wawili wakajikuta nje kwenye ngazi za ofisi, hakuna aliyehudumiwa, jua linawachoma.

"Umepoteza asubuhi yako kwa ajili yangu," akasema Msusi. "Pole sana."

"Asubuhi ngapi nimezipoteza hapa bure! Ya leo angalau siondoki mikono mitupu."

"Umepata nini?"

"Nitajua ukinipa namba yako ya simu."

Akampa. Na kwa kuwa walikuwa bado hawajatajiana majina, kila mmoja alimwandika mwenzake kwenye simu kwa alichokijua. Msusi akawa Sita, na mwanaume akawa Saba. Majina yao halisi waliyajua siku ya pili, lakini hayakupata kutumika tena.

Simu zikaanza. Saba alipiga asubuhi kabla ya kazi, alipiga mchana akila, na wateja wa Msusi wakazoea kusukwa na mkono mmoja, maana wa pili umeshika simu.

"Halo, Sita wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka mkavu."

"Alhamdulillahi."

"Usifurahi sana, mawingu nayaona. Wewe Saba, umekunywa chai?"

"Nitakunywaje na hujanipikia?"

"Angalia huyu! Siku ngapi tu tunajuana, tayari ananipangia zamu ya jikoni. Oa kwanza."

"Natafuta namba ya foleni."

"Foleni hiyo ina mtu mmoja tu, mzembe wewe."

Alikuja kumwona siku ya mapumziko, shati jeupe tena, mkate mkononi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, mahali barabara inapoteremka na kugota kwenye ukuta wa jiji. Chumba cha mbele ndicho saluni, na kioo chake, viti viwili na kikaushio cha nywele kilichoning'inizwa juu kama taa. Kila kitu humo kilikuwa kimening'inizwa. Chumba cha nyuma alilala Shangazi, dada wa baba yake Msusi, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali matano kila mguu.

"Karibu, baba," Shangazi alimwita kutoka huko juu. "Sishuki. Kupanda ni kazi ya asubuhi nzima. Wewe ndiye Saba?"

"Ndiye mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kucha zako zinasema fundi. Basi angalau si mtu wa ofisini. Hao siwataki humu, na wao hawatutaki, tunaelewana."

Alichokiangalia Saba zaidi ni ukuta wa saluni. Kando ya kioo kulikuwa na mistari sita imelala, kila mmoja rangi yake. Kila mafuriko yalipopungua, Msusi alichukua kichupa cha rangi ya kucha akachora mahali maji yalipofikia. Mwaka wa kwanza pinki, wa pili zambarau, kisha kijani, fedha, machungwa, na wa mwaka jana kahawia. Mistari ilipanda kidogo kidogo, na vidole vinne juu ya ule wa kahawia kulikuwa na soketi ya umeme.

"Nilichora ili mhandisi akija aone," akasema. "Hajaja. Sasa nachora kwa hasira tu."

Saba alitoa pima maji yake mfukoni, akaiweka juu ya mstari wa kahawia. Kiputo cha hewa kikatulia katikati. "Umenyooka. Kuna mafundi wenye vibali hawawezi kupiga mstari hivi."

"Usinisifu, nitalia. Nisikilize, Saba. Kaka yangu yuko mji mwingine, ana chumba cha ziada. Nimemwahidi. Msimu huu mstari ukifika kwenye soketi, nafunga saluni, nambeba Shangazi, naondoka. Siwezi kusuka kichwa cha mtu miguu yake ikiwa kwenye maji yenye umeme."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu mirefu. Utavuka uje."

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Saba aliondoka na maneno hayo, akayabeba wiki mbili bila kujua kuwa jibu lake lilikuwa mikononi mwake.

Mvua ilinyesha mchana mmoja, na wala haikuwa mvua ya kutisha. Saa moja tu, kisha jua. Mwaka uliotangulia ilinyesha siku tatu mfululizo, mpaka vyura wakachoka. Kwa hiyo Msusi alikaa kwenye kiti cha saluni, miguu juu, anasubiri maji yafike kifundo cha mguu yarudi yalikotoka. Yalifika kifundo. Yakapita. Yakapita goti la kiti, yakapita pinki na zambarau, yakaimeza kahawia, na yalipotulia kwenda jioni, Msusi alichukua rangi nyekundu akachora mstari wa saba kidole kimoja chini ya soketi. Ulikuwa mstari wa kwanza kupinda.

Akapiga simu.

"Saba, kuna kitu sikielewi."

"Niambie, mpenzi. Mko salama?"

"Tuko salama, Shangazi yuko juu anatukana. Lakini mvua ilikuwa ndogo, Saba! Ndogo! Na maji yamepanda kuliko mwaka wa mafuriko makubwa. Ukuta ni uleule, barabara ni ileile. Haya maji ya ziada yametoka wapi?"

Msusi akaitazama simu, akadhani imekatika.

"Saba? Halo?"

"Nakusikia."

"Nambie basi, wewe ndiye fundi."

"Sita... nitakupigia."

Hakupiga. Hakupiga kesho yake, na Msusi alipopiga simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya pili hivyohivyo.

Saba alikuwa ameshajua. Alijua papo hapo, simu ikiwa sikioni. Tangu msimu uanze alikuwa anafanya kazi mtaa wa juu, ng'ambo ya barabara kuu, kule kwenye nyumba zenye mageti. Watu wa kule nao walichoka kulisubiri jiji. Mmoja akamwita amwinulie kizingiti cha mlango, matofali matatu na plasta laini. Maji yakagonga, yakageuka, yakaingia kwa jirani. Jirani akamwita. Jirani wa jirani akamwita. Akajenga vizingiti kumi na kimoja, mstari mmoja safi, na kila alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akajisifu. Hakuwahi kujiuliza maji yaliyokataliwa milango kumi na moja yanakwenda kubisha wapi. Fundi hutazama mlango alioitiwa. Na sasa aibu ilimkaba, akashindwa kushika simu.

Hilo Msusi hakulijua. Alilojua ni kwamba alimwambia mwanaume shida yake, na mwanaume akapotea.

"Ana mke," akamwambia Shangazi.

"Mwenye mke hukimbia ukitaja ndoa, hakimbii ukitaja maji," akasema Shangazi. "Huyu ana lingine."

Siku ya tatu alikuja mteja mpya, mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyetaka kusukwa tatu kichwa, misuko mitatu tu. Alikaa, akaangalia ukuta, akaona mstari mwekundu bado mpya.

"Masikini! Maji yanafika hapo? Mngeweka vizingiti jamani. Sisi kule juu siku hizi tunalala. Tumempata fundi mmoja, mikono ya dhahabu, mrefu, mpole, shati jeupe hata akiwa kazini. Nyumba kumi na moja ametuinulia. Maji yakija yanapiga kizingiti, yanageuka yenyewe, yanateremka."

Kitana kikasimama.

"Yanateremka kwenda wapi?"

"Nitajuaje mie? Huko chini."

Msusi alivua aproni. Alivaa viatu vyake vya mpira, akatoka, akapanda barabara bila kuaga. Mteja akabaki ameduwaa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, kisha akaona heri amfuate kuliko kubaki hivyo kwa watu. Walipita wawili mbio mbele ya maduka, mmoja ana hasira na mwingine ameshika nywele, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Walimkuta amepiga magoti mlangoni kwa nyumba ya tano, nyundo na patasi mkononi, mwiko kando, mwenye nyumba amesimama juu yake anafoka.

"Kumbe ni wewe," akasema Msusi.

Saba akainuka. "Sita. Nilikuwa nakuja..."

"Ulikuwa unakuja wapi? Siku tatu! Mimi nasema ana mke, ana ajali, kafa. Kumbe yuko hapa anapiga plasta! Kila kizingiti unachojenga hapa, maji yake nayanywa mimi. Ulikaa sebuleni kwangu, Saba. Ulipima mistari yangu kwa pima maji. Ukanisifia kwamba imenyooka!"

"Sikujua wakati ule. Naapa sikujua. Nilijua uliponipigia."

"Na ulipojua ukafanya nini? Ukafunga mdomo."

"Nisikilize, hapa nilikuwa namwomba huyu baba..."

"Sitaki. Ofisi ya jiji imenikalisha kimya miaka sita, nimezoea. Lakini wao hawakuniita mpenzi. Kaka anakuja na gari mwisho wa wiki. Ukitaka kujenga cha kumi na mbili, jenga. Hatutakuwepo."

Akageuka kushuka. Mteja akamfuata, kisha akasita, akamgeukia Saba kwa hasira: "Nawe umeniharibia nywele!"

Ni mteja huyohuyo, alipokaa tena kumaliziwa nusu ya pili, aliyeleta maneno. Alisema kwa tahadhari, kichwa kikiwa mikononi mwa mtu mwenye hasira.

"Usinivute hivyo, mwanangu, sina kosa. Nikwambie kitu? Yule hakuwa anajenga. Alikuwa anaomba. Tangu juzi anapita mlango kwa mlango anatuomba avunje vizingiti, eti maji yanawaumiza watu wa chini. Anasema atavunja bure. Tumemkatalia wote. Hata mimi nimekataa, nisiseme uongo. Nani atavunja kizingiti chake mvua iko mlangoni?"

Msusi alisuka taratibu zaidi.

Siku moja kabla ya kaka kufika, asubuhi na mapema, Shangazi alisikia nyundo. Gonga, gonga, pumzika. Alichungulia kwa dirisha lake la juu, faida pekee ya kitanda kile.

"Wee! Mwanaume wako yuko kwenye ukuta wa jiji!"

"Sina mwanaume."

"Basi yule asiye wako, anatoboa ukuta wa serikali."

Kweli. Mtu hawezi kuwashusha watu kumi na moja vizingiti vyao, lakini ukuta ule ulikuwa mmoja. Saba alikuja na mkokoteni, na ndani yake boriti fupi ya zege aliyoimwaga mwenyewe siku nne kabla, na vipande vya nondo. Hakuvunja ovyo. Alichora mraba kwa chokaa, akatoa tofali moja moja na kulipanga pembeni, akaingiza boriti juu ili ukuta usikae vibaya, akasimamisha nondo ili takataka zisipite, akazungushia plasta. Ndani, nyuma ya tofali la mwisho, mdomo wa mtaro wa zamani ulikuwepo, mzima, unasubiri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wa jiji walianza na ukuta kabisa, na ufa wakauacha kwetu.

Majirani walijaa. Kupitia tundu lile waliona yadi ya jiji, na katikati ya yadi gari kubwa la kunyonya mitaro, jipya, magurudumu yote yamekaa chini bila upepo na majani yameota mpaka mlangoni.

"Kumbe tunalo!" akasema mzee mmoja, na kwa uchungu akakaa chini.

Saba alichimba mfereji mfupi kutoka kwenye dimbwi la mlangoni kwa Msusi hadi kwenye tundu. Alipoondoa kifusi cha mwisho, maji yaliyolala pale wiki nzima yalisita, kisha yakaondoka. Yaliondoka kwa kelele, kwa furaha, yakavuka chini ya gari la jiji na kushuka bondeni. Msusi alisimama mlangoni, kitana mkononi, akaona ardhi ya mbele ya nyumba yake. Alikuwa amesahau ina rangi gani.

Alitaka kusema kitu. Hakuwahi, kwa sababu jiji lilifika.

Kwa barua tisa walikuwa hawajafika. Kwa chupa ya maji, hawakufika. Kwa tundu moja, mlinzi wa yadi alipiga simu na wakafika dakika ishirini na tano, watu wanne, gari zima, sare zimenyooka. Usafiri ulikuwepo!

"Nani kakupa kibali cha kuvunja mali ya umma?"

"Kibali nimekifuatilia miezi minane, afande. Dirisha namba tatu."

"Ingia garini."

Mmoja wao akatoa kopo la rangi, akachora alama kubwa nyekundu ya X kando ya tundu, na chini yake akaandika USIGUSE. Gari likaondoka na Saba, tope mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza shati lake halikuwa jeupe. Hakumwangalia Msusi. Aliangalia chini, mtu aliyemaliza kazi na hana la kudai.

"Umesimama?" Shangazi alipiga kelele kutoka kitandani. "Mtu amebebwa kwa ajili ya mlango wako, na wewe umeshika kitana?"

"Bado nimemkasirikia, Shangazi."

"Mkasirikie njiani!"

Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, alikwenda mjini kwa viatu vya kawaida.

Benchi lilelile, saa ileile imesimama. Saba alikaa pembeni ya mlinzi, tope limeanza kukauka usoni. Msusi alipanga foleni mpaka ikafika zamu yake, maana hata hasira pale hupewa namba. Bibi wa mihuri akamtazama juu ya miwani.

"Wewe tena. Chupa iko wapi?"

"Leo nimekuja kumchukua yule."

"Anaachiwa kwa dhamana ya mtu wake wa karibu, hadi kesi yake iitwe." Akavuta fomu, akalamba kidole. "Uhusiano?"

"Mimi ndiye ninayefurikiwa."

"Hiyo haimo. Kuna mzazi, ndugu, mke, mchumba. Chagua."

Msusi akageuka. "Saba. Kwa nini hukushika simu?"

Foleni nzima ikatega masikio.

"Niliona aibu," akasema Saba. "Nilisema nisije kwako na samahani tupu. Nije na dawa."

"Nilikuomba dawa? Nilikuomba useme. Ungesema 'Sita, ni mimi, nimekosa,' ningekutukana siku moja yakaisha. Kimya chako kiliniuma kuliko maji."

"Najua."

"Siku nyingine ukikosa?"

"Nitashika simu."

"Hata kama nitapiga kelele?"

"Nitaiweka mbali kidogo na sikio, lakini nitashika."

"Dada, msamehe bwana!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Na sisi tuna shida zetu!"

Msusi alijizuia, akashindwa. Alicheka huku anafuta machozi kwa kiganja. Akamgeukia bibi wa mihuri.

"Andika mchumba."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Andika."

"Sita," akasema Saba, amesimama, mlinzi kamshika shati, "mbona sijakuuliza?"

"Basi uliza, watu wako foleni!"

Akauliza. Palepale, na tope lake, mbele ya MALALAMIKO. Msusi akasema ndiyo, na bibi wa mihuri, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alivua miwani akaifuta, akainua mhuri na kuugonga. Barua tisa kwa miaka sita, hakuna iliyogongwa. Uchumba uligongwa mhuri kwa dakika moja.

"Sasa sikilizeni," akasema, amerudia ukali wake. "Tundu lile ni kielelezo cha kesi. Mtu yeyote asiliguse, asilizibe, asilipanue, mpaka mhandisi afike akague. Ni amri."

Wachumba wakatazamana.

"Hata jiji lenyewe lisizibe?" akauliza Msusi polepole.

"Hata jiji. Mpaka mhandisi afike."

"Na atafika lini?"

Bibi wa mihuri akashusha pumzi. "Faili liko kwenye mchakato."

Kaka alifika kesho yake na gari, akakuta dada yake anasuka, Shangazi ameshushwa kitandani, na shemeji yake amepiga magoti akitoa matofali matano matano chini ya miguu ya kitanda. Alikunywa chai akarudi na gari tupu. Mvua kubwa ilikuja wiki iliyofuata, siku mbili bila kupumzika, ikagonga vizingiti kumi na kimoja, ikageuka, ikateremka, ikapita mbele ya mlango wa saluni bila kuingia na kutokomea chini ya gari la jiji. Mstari mwekundu ukabaki kuwa wa mwisho.

Shida iliyobaki ni moja, nayo ndogo. Kila mvua inafifisha ile alama ya X ukutani, na neno USIGUSE linaanza kufutika. Kwa hiyo kila jua likitoka, Msusi anashuka na kichupa chake cha rangi nyekundu ya kucha, mume wake anamshikia kiti, naye anaichora upya, herufi kwa herufi, ili mtu asije akasahau amri ya serikali. Mhandisi hadi leo hajafika. Mungu azidi kumchelewesha.